Pembe ya Nne ya Turubai

Jumanne tarehe 14 Machi 1995, saa kumi kasoro robo jioni, mtendaji wa kijiji cha Murubirizi alifika kwa Mzee Pancras na mgambo mmoja, ngazi moja na daftari, kuja kung'oa turubai la barazani. Mvua ilikuwa haijaanza, ila upande wa Burundi mbingu ilishakunja uso.

"Shikamoo mzee," alisema mtendaji. Jina lake Danstan, na umri wake haukuzidi ule wa Kalista, binti wa Pancras.

"Marahaba," alijibu Pancras, maana salamu huwezi kuikataa hata kama mwenye kuileta amekuja na ngazi.

Wakati huo Adventina, mke wa Pancras, alikuwa amekaa pale pale barazani kwenye kigoda chake, akisuka mkeka. Adventina alikuwa amefariki Novemba iliyopita. Tangu Januari alikuwa akija kila siku mnamo saa tisa, anakaa mpaka kuku wanapoingia bandani, kisha anakwenda zake. Sharti lake lilikuwa moja tu: pawe pakavu. Mvua hakuitaka kabisa, na usingemlaumu, kwa sababu mvua ndiyo iliyomuua. Alikwenda zahanati na homa, akapanga foleni kwenye kibaraza kisicho na paa, ikamnyeshea toka saa mbili mpaka saa sita. Alirudi na dawa za malaria mkononi, na kichomi kifuani. Dawa zilitibu malaria.

Kibaraza kile hakikukosa paa kwa bahati mbaya. Mabati yake kumi na manane yaliletwa na lori mwezi wa Agosti, wanakijiji wakayapigia vigelegele, halafu yakaingizwa stoo ya mtendaji ili yasije yakaibiwa. Huko stoo yalikaa salama kabisa.

Pancras alisoma mpaka darasa la tatu, mwalimu akahamishwa, asiletwe mwingine. Tangu hapo aliwalaumu wakubwa kwa kila jambo. Funza wakimwingia kidoleni ni wakubwa. Rubisi, pombe yake ya ndizi, ikichacha kabla ya siku yake ni wakubwa. Jino likimuuma hukaa akawataja mmoja mmoja kwa vyeo, kuanzia kijijini mpaka linapotulia, na kwa kawaida lilitulia alipofika mkoani.

"Mzee," alisema Danstan akifungua daftari, "hili turubai ni mali ya wakimbizi. Raia haruhusiwi kuwa nalo. Ni agizo."

"Mke wangu alilipata kwa mikungu miwili ya ndizi."

"Hapo ndipo kosa lilipo."

"Basi na ndizi zangu zitoke matumboni mwao, tubadilishane."

Danstan aliandika kitu. Pengine aliandika ndizi.

Ukweli ni kwamba baraza lile zamani liliezekwa nyasi. Lakini mwaka uliotangulia watu walivuka mpaka kama mji mzima unaotembea, wakahitaji kuni na pa kulala, na kabla ya kiangazi kwisha vilima vitatu vilibaki upara. Pancras hakuwalaumu. Wao nao walikuwa na wakubwa wao waliowafikisha pale, na kwa hilo aliwaona kama ndugu. Nyasi zilipokosekana, Adventina alikwenda kambini na mikungu miwili kichwani, akarudi na turubai jeupe lenye herufi za buluu alilopewa na mama mmoja aitwaye Kanyange, mwenye watoto sita na mahema mawili. Watoto walitaka kula, hema moja liliwatosha.

Adventina alilifunga mwenyewe. Hakutoboa hata tundu moja. Katika kila pembe alitia kokoto, akalikunja turubai juu yake kama anayefunga sarafu kwenye kitenge, akalikaba shingoni kwa kamba ya mgomba. Upande wa mbele aliushusha kidogo ili maji yasituame. "Ukilitoboa tu, mvua itapajua," alimwambia mumewe. Pancras aliona hayo ni maneno ya kike. Halikuvuja hata siku moja.

Sasa mgambo, kijana aitwaye Anastazi, aliegemeza ngazi, akamwona Adventina yuko chini ya nguzo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Naomba usogee kidogo, nisikuangushie ngazi."

Adventina akasogeza kigoda. "Fungua mafundo taratibu," alimwambia. "Usikate kamba. Na kokoto zangu ziache humo humo."

Anastazi alifungua taratibu. Turubai liliposhuka, tone la kwanza lilianguka kwenye mkeka. Adventina aliukunja, akauweka kwapani, akasimama. Danstan na mgambo wakashika njia na turubai lao, na Adventina akawafuata nyuma.

"Mama Kalista, unakwenda wapi?" aliuliza Pancras.

"Mvua hii," alisema Adventina, kama vile hilo ni jibu.

Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja. Pancras alidhani amechukia. Ijumaa, gulioni Nyakisasa, muuza chumvi mmoja alimwambia huku akimpimia: "Mkeo nimemwona kwa mtendaji. Amependeza."

"Kwa mtendaji anafanya nini?"

"Amekaa tu. Mkeka umefika mbali."

Pancras hakusubiri chumvi. Alipofika kwa Danstan aliliona turubai lake limetandwa mbele ya nyumba, juu ya baraza ambalo ndilo lilikuwa ofisi, watu wakisubiri muhuri chini yake. Na katikati yao, kwenye kigoda cha mninga alichopewa na mke wa mtendaji, alikaa Adventina. Pancras aliishi naye miaka ishirini na tisa bila kumkaribisha kwenye kigoda cha mninga.

"Twende nyumbani," alimwambia.

"Nyumbani panavuja."

"Na hapa kwa watu?"

"Hapa sikai bure. Nauliza."

Ni kweli alikuwa akiuliza. Kila aliyepanda baraza lile, awe amefuata barua ya kusafiri au kesi ya mbuzi, Adventina alimtazama juu ya mkeka, kisha akamgeukia Danstan, akauliza kwa sauti ile ile ya upole: "Mabati kumi na manane ya zahanati yako wapi?" Mtu wa mbuzi alisahau mbuzi. Wote walimtazama mtendaji, mtendaji akatazama muhuri.

"Mzee, nakuomba," alisema Danstan akimvuta Pancras pembeni. "Mchukue mkeo. Watu wanashindwa kufanya shughuli zao."

"Nimchukueje? Yeye na turubai hawaachani. Nipe turubai."

"Turubai ni kielelezo."

"Basi na yeye ni kielelezo."

Mke wa mtendaji, Restuta, alikuwa akichambua mchele mlangoni, akacheka mpaka ungo ukapinduka. "Mimi anisaidie tu huyu mama," alisema. "Tangu aje, huyu bwana hajakaa na wanawake wa gulioni hapa barazani hata siku moja."

Danstan aliandika barua wilayani, kichwa chake: Marehemu Kukaa Katika Makazi Yasiyo Yake. Alieleza kuwa mhusika si mkimbizi, kwa hiyo hawezi kumpeleka kambini, na si raia, kwa kuwa jina lake lilikatwa kwenye daftari la nyumba kumi tangu Novemba, kwa hiyo hawezi kumtoza chochote. Majibu yalikuja baada ya wiki mbili, mafupi. Kama ni marehemu, hahitaji kibali. Kama hana kibali, aondoke. Nakala ya barua hiyo alipewa pia Adventina, akaikalia.

Pancras alipita pale kila jioni, akasimama nje kwenye matone kama mchumba aliyekatazwa na wakwe. Adventina alimpa habari za siku hiyo, nani kaja, nani kaghushi umri wa binti yake. Kisha alikwenda zake, na Pancras alirudi kwenye baraza lake lenye matope, akawataja wakubwa mpaka mkoani, na safari hii hakikutulia kitu.

Mwezi wa nne ilitangazwa kuwa wageni wa wilaya watakuja kukagua maendeleo. Danstan alihesabu siku zake. Asubuhi ya Jumatatu, saa moja, Anastazi alimletea Pancras turubai, limekunjwa vizuri, kokoto zote nne ndani.

"Mtendaji amesema umesamehewa," alisema Anastazi.

"Nimesamehewa nini?"

"Hakusema. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Na wageni wenu watakaa wapi, mvua hii?"

Anastazi alitazama miguu yake. "Anaezeka mabati."

"Mabati gani?"

"Ya stoo," alisema Anastazi, akaondoka mbio kidogo.

Pancras alilitanda turubai siku hiyo hiyo. Alifuata mafundo ya mkewe moja moja, akapanda juu ya stuli akasukuma kwa mti maji yaliyotuama, akateremka, akashusha upande wa mbele yasituame tena, akafuta kigoda. Saa tisa Adventina alifika, akatazama juu, akatazama pembe zote nne.

"Umejifunza," alisema.

Hilo lilimtosha Pancras kwa Jumatatu na Jumanne. Walikaa. Mume alikunywa rubisi, mke alisuka, kama walivyofanya miaka ishirini na tisa.

Jumatano aliamka akakuta nguzo tupu. Turubai halipo, kokoto hazipo, na kamba zimeachwa zimeviringishwa vizuri kwenye kigoda. Pancras alichukua panga, akashika njia ya kwa mtendaji huku mvua ikimpiga mgongoni, akitayarisha maneno. Danstan alikuwa juu ya ngazi akipigilia msumari wa mwisho.

"Sijalichukua," alisema kabla hajaulizwa. "Tazama mwenyewe. Nalitakia nini sasa?"

Pancras alitazama. Mabati yalikuwa mapya, yanang'aa. Aliyahesabu mara mbili, maana hesabu ya darasa la tatu ilifika hapo. Kumi na manane.

Turubai alilikuta zahanati. Jumatano ilikuwa siku ya kliniki, akina mama walikuwa wamejaa kibarazani na watoto migongoni, na juu yao turubai lenye herufi za buluu, limeshushwa kidogo upande wa mbele. Nguzo zilikuwa tatu tu. Pembe ya nne Adventina aliishika kwa mkono, ameuinua juu, mvua ikimtiririka kwenye kiwiko. Muuguzi Clotilda alikuwa akipima watoto kwa zamu na hakuwa na nafasi ya kushangaa.

"Sogeeni ndani," alikuwa akiwaambia. "Sogeeni, huyu mama anachoka."

Pancras alisimama na panga lake.

"Wewe si huwezi mvua?" aliuliza.

"Siiwezi," alisema Adventina. Meno yake yalikuwa yakigongana. "Shika hapa, Baba Kalista."

Pancras aliweka panga chini, akashika. Kokoto ilikuwa bado ndani, ilimkaa vizuri kiganjani. Adventina aliingia chini ya turubai, akajibana kati ya akina mama, akafungua mkeka wake, na mtoto mmoja akaukalia.

Toka hapo ikawa desturi. Siku sita turubai liko nyumbani. Jumatano liko zahanati, na Pancras ni nguzo. Wapo waliomshauri akate mti asimike nguzo ya kweli, akakata, akasimika. Asubuhi iliyofuata ilikutwa imelala kwenye migomba yake mwenyewe, pamoja na udongo wake. Adventina alisema hajui. Pancras alimjua Adventina, akaacha.

Wageni wa wilaya waliwasili Jumatano ya tatu, kwenye gari lenye matope mpaka madirishani, mvua ikinyesha. Walikuwa wanne na miavuli mitatu. Danstan aliwaongoza mpaka mbele ya zahanati. Kiongozi wao alitazama juu, akaona pamefunikwa. Alitazama chini, akaona akina mama wakavu. Aliuliza kama kuna nguzo za kutosha, karani wake akazihesabu kwa kalamu: moja, mbili, tatu, nne. Ikaandikwa kwamba kibaraza cha zahanati ya Murubirizi kimeezekwa na kinatumika, na faili la mabati likafungwa.

"Hongera mtendaji," alisema kiongozi. Kisha aliwageukia wananchi. "Kuna swali?"

Pancras alikuwa ameshainua mkono. Alikuwa ameuinua tangu saa mbili.

"Naam, mzee. Tumekuona. Shusha mkono, uulize."

Pancras alitazama pembe ya turubai. Chini yake palikuwa na mtoto wa wiki mbili, amelala. Nyuma ya mtoto alikaa Adventina, akimtazama.

"Nitauliza hivi hivi," alisema.

"Utaratibu, mzee. Ukipewa ruhusa unashusha mkono, ndipo unauliza."

"Nikishusha inawanyeshea."

"Hatukusikii vizuri. Shusha mkono kwanza."

Walimsubiri kwa heshima, dakika nzima. Kisha karani aliandika kuwa mzee mmoja alinyoosha mkono lakini hakuwa tayari kufuata utaratibu, na wageni wakaondoka kwenda kula mbuzi barazani kwa mtendaji. Restuta alisimulia baadaye kuwa mvua ilipiga yale mabati kwa kelele hadi mezani hakuna aliyemsikia mwenziwe, wakala kimya kama msibani.

Wamekuja tena mara mbili tangu siku ile, na mara zote ilikuwa Jumatano, na mvua. Kila mara wameuliza kama kuna swali, kila mara wamemwona Pancras kabla ya wengine wote, na kila mara wamemwomba ashushe mkono. Naye ameuliza mkono ukiwa juu, kwa sauti inayofika mpaka barabarani, swali lile lile la mkewe, wao wakitega viganja masikioni, wakitikisa vichwa, wakimwonyesha kwa vidole kwamba chini, mzee, chini:

Mabati kumi na manane ya zahanati yako wapi?