Mimi Si Abiria

Ati Kagure alileta korona kutoka ng'ambo na mama yake anamficha. Maneno hayo yalianza kwa kibanda cha mboga cha Nduta hapa Majengo, na tangu niyasikie hayakunitoka.

Kagure ni msichana wangu wa kwanza, mhudumu wa ndege. Ndege ziliposimama alirudi nyumbani hapa Nyeri kungoja kuitwa.

Nikaanza kumchunguza. Hakohoi. Nilimshika paji la uso nikijifanya nampangusa unga, joto hana. Lakini chakula anakizungusha tu kwa sahani, na asubuhi kitanda ni kama hakikulaliwa. Halafu anatabasamu. Anaosha sufuria peke yake, anatabasamu. Nduta alimwambia mbele yangu, "Wewe, simama mbali na sukuma zangu, usituulie watoto!"

"Asante sana, mama, nimekuelewa," akajibu, akitabasamu.

Nani anatukanwa anashukuru? Nikajua kuna kitu.

Siku moja mkubwa wake wa kazi akapiga simu. Nikasimama nyuma ya pazia. "Niko sawa kabisa," Kagure akasema kwa sauti tamu. Akakata, akakimbia nje kutapika.

Nikamngoja mlangoni. "Ni korona ama ni mimba?"

"Hakuna shida, mum. Nikusaidie na nini?" Na ile tabasamu.

"Kagure, mimi si abiria!"

Tabasamu ikaanguka. Akaniambia kazini walifundishwa kucheka kwa macho kwa sababu barakoa inafunika mdomo, na sasa hajui kuacha. Safari za mwisho, abiria akikohoa tu, moyo wake ulikuwa unagonga mpaka anaona giza. Usingizi umemtoroka.

"Si uwaambie wakubwa wako?"

"Peris, mwenzangu wa kazi, aliwaambia. Mpaka leo hajapangiwa safari. Na mimi watanipigia tena saa hii wanipangie."

"Afadhali ukose ndege kuliko nikukose wewe."

Simu ikalia. Nikamshika mkono.

"Siko sawa," akawaambia, bila utamu wowote. "Silali. Naenda kwa daktari kwanza."

Tulienda pamoja. Sasa analala kidogo. Kazi hatujui kama bado iko.

Kama uko na mtoto anafanya kazi kama hiyo, epuka haya:

Kusikiza kibanda kabla ya kumsikiza mtoto.

Kuamini "niko sawa" ya mtu asiyelala wala kula.

Kumwambia ashukuru ako na kazi.

Kumwombea na kumnyima daktari.

Kusimama nyuma ya pazia. Ingia, umuulize.