Injini Haijui Matanga

Injini haijui matanga. Mtu akifa watu hulia, huchinja ng'ombe wake, hugombania shati zake, lakini oili iliyoingia maji huendelea kula chuma polepole, wala haingoji wazee wamalize kusemezana. Seline alilijua hilo vizuri sana, na kulijua hakukumfaa kitu.

Mumewe, Oketch, aliinunua ile injini ya mashua kwa jasho la mjengo hapa Nairobi. Kule Mbita, Ziwa Victoria, aliyeiendesha ni kaka yake Seline, na samaki walipanda basi hadi kwenye meza ya Seline ya kukaangia, stejini Kawangware 56. Kitabu cha injini kilisema oili ya gia ibadilishwe kila baada ya saa mia. Lakini ni nani ziwani mwenye saa ya kuhesabu? Walihesabu kwa mwezi. Mbalamwezi ikiwaka, taa za kuvulia omena, wale dagaa wa ziwani, hazivuti kitu, wavuvi hulala nyumbani. Basi mapumziko ya mwezi mmoja waliyaruka, ya mwezi wa pili wakabadilisha oili. Na Aprili, uvuvi wa omena unapofungwa hadi Agosti, oili ilibadilishwa hata kama ni ya juzi. Oketch alikuwa akisema injini hailazwi na uchafu tumboni.

Aprili iliyopita Oketch alishuka Mbita, akafungua skrubu ya chini, tone likatoka jeupe kama uji. Sili, ule mpira wa kuzuia maji, imekufa, maji yameingia. Akaifunga, akaileta Nairobi kwa basi ili atie sili mpya na oili mpya kwa mkupuo mmoja, akaisimamisha pembeni mwa chumba chao kule Kawangware 46. Wiki hiyo hiyo ukuta wa ghorofa alilokuwa akijenga ulimwangukia.

Walipotoka kuzika, Seline hakuwa na mume, alikuwa na injini. Ikipona, kaka yake angerudi majini Agosti, na yeye angewalea watoto wao, Marvin na Hope, bila kumpigia mtu magoti. Isipopona, basi. Akamwita Kagiri, fundi wa pikipiki pale stejini.

"Mathe, hii ni kazi ya dakika kumi," Kagiri alisema, ameshashika bisibisi. "Tunamwaga hii takataka, tunaweka sili, tunajaza kutoka chini mpaka itoke juu. Shida ni ukiiacha ikae. Gia zitaoza."

Ploti ina macho, na majirani wana simu. Kabla Kagiri hajaifungua skrubu, Ogweno alikuwa mlangoni, amekuja mbio kutoka Kibera. Huyu ni kaka mkubwa wa marehemu, bawabu wa Nyayo Highrise, mtu ambaye Oketch alipokuwa hai hakuwahi kuuliza hata injini hiyo ni ya rangi gani.

"Nyar Uyoma," alisema, akimwita binti wa Uyoma, kwao alikozaliwa, kama mtu anayemkumbusha mgeni njia ya kurudi. "Kitu ya marehemu haiguswi kabla familia ikae kikao. Ukifungua hiyo, umefungua kaburi ya ndugu yangu."

"Shemeji, ni oili tu. Yeye mwenyewe ndiye alikuwa anataka kuitoa."

"Unaharakisha nini? Ama kuna kitu ulikuwa unangojea?"

Hapo Seline akamwashiria Kagiri aache. Mjane anajua swali kama hilo linaelekea wapi. Leo ni oili, kesho watasema ni yeye aliyeusukuma ule ukuta. Kagiri akakusanya vyuma vyake akaenda zake.

Agosti ikafika, omena zikafunguliwa, familia haijakaa. Mzee mmoja alikuwa mgonjwa, mwingine alikuwa na harusi. Seline alinunua samaki wa watu kwa bei ya watu, akarudi jioni akiikuta injini imesimama pale pale, naye akiitazama alishikwa na hasira. Aliichukia. Wakati mwingine alimchukia hata Oketch, kwa kufa vibaya hivyo, kabla hajamaliza kazi.

Familia ilikaa Desemba, nyumbani kwa Ogweno. Waliamua haraka, kama watu walioamua zamani. Injini ni mali ya ukoo. Ogweno ataishika kwa niaba ya watoto.

"Nimesikia," Seline alisema. "Naomba kitu moja tu. Kabla iguse ziwa, mtoe hiyo oili. Imekaa na maji tangu Aprili."

Ogweno aliwageukia wazee. "Sasa mama wa samaki ya kukaanga anatufunza injini!" Wakacheka, wengine hadi wakafuta macho. Sikio la kufa halisikii dawa. Seline aliinamisha kichwa na hakurudia.

Januari, Ogweno aliishusha Mbita kwa kishindo, akaalika watu ufukweni. Iliwaka kwa kamba ya kwanza. Haikufika hata walipo wenye nyavu, gia zikasagika. Injini ikawa inanguruma, moshi unatoka, propela haizunguki, na mashua inaelea tu na wakubwa wake ndani. Ilibidi wavutwe na watoto wa watu wengine. Kaka yake Seline alimsimulia kwa simu akicheka. Seline alijaribu kucheka naye, akashindwa.

Februari wakaja Kawangware, Ogweno na wazee wawili, injini imebebwa kwa mkokoteni. Waliisimamisha katikati ya chumba, oili nyeusi ikavuja sakafuni.

"Tumekaa tena," Ogweno alisema. "Tumeonelea mali ya watoto irudi kwa watoto."

Ilipokuwa nzima ilikuwa ya ukoo. Ilipokufa ikawa ya watoto wa Oketch. Matusi yalimjaa Seline mdomoni. Lakini nyumbani kwa kina Oketch nyumba yake ilikuwa haijajengwa, na kwa mila hajengi bila ruhusa ya mashemeji, na mahali Marvin atakapoonyeshwa kusimamisha yake siku moja, watakaoonyesha ni hawa.

"Sasa hushukuru?" Ogweno aliuliza.

"Asante, shemeji," Seline alisema.

Mzee mmoja masikio yalikuwa mazito. Aliinama, akaweka mkono sikioni. "Amesemaje?"

Seline akarudia, kwa sauti, mpaka ploti nzima ikasikia.