Maji ya Seli Zangu

Haya ninayoeleza ni kweli tupu, na asiyeamini aje mtaani kwetu Kware aukague ulimi wangu.

Pampu ya jengo letu ilikuwa imekufa tena na mwenye nyumba hashiki simu. Sisi wa ghorofa ya sita tukapanga zamu: kila nyumba ipandishe maji siku yake, ijaze pipa la koridoni. Yangu ilipofika, magoti yaliuma na ngazi zilishanikera, basi nikatumia elimu.

"Kwenye mambo ya maji mnitoe," nikawaambia. "Seli zangu zinanitengenezea."

"Seli za polisi?" akauliza Wakoli, jirani anayechomelea milango ya chuma mtaa wa Baba Dogo.

Nikavuta subira. "Za mwili, Wakoli. Ukila ugali, tumboni unageuka sukari. Ukivuta pumzi, damu inabeba oksijeni. Vinakutana ndani ya seli, kwenye jiko dogo liitwalo mitokondria. Sukari inachomwa polepole, bila moto, unapata nguvu. Kinachobaki ni hewa ukaa na maji. Maji, nasema." Nikakipulizia kioo cha simu yake, kikaingia ukungu. "Na hayo ni nini?"

Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba kufikia hapo nilikuwa sijadanganya. Uongo ulianza niliposema tangu Jumapili sijagusa kikombe cha maji.

Mama Javan, ambaye mlango wake unatazamana na wangu, hakubishana. Jioni akaniletea ugali na vile visamaki vya omena. "Za kulisha hizo seli, mzee." Omena zenyewe zilikuwa na chumvi ya kutosha kuhifadhia ngozi ya ng'ombe. Kisha akaketi kando ya pipa, akichambua sukuma jani moja moja. Nikangoja aondoke, maana kwangu hakukuwa na hata tone. Ulimi ukakauka kama kipande cha katoni. Huyu mama alinunua shamba zima?

Alipoingia ndani tu, nikalifikia pipa kabla mlango wake haujafungwa. Kikombe cha pili kilikuwa mdomoni nilipomsikia nyuma yangu.

"Seli zimegoma, mzee?"

Sasa, kama faini, napandisha zamu yangu na ya Mama Javan. Kila ngazi mapaja yanadai oksijeni, nami nahema kama jenereta bovu, na hakuna anayetaka kusikia maelezo. Jana Wakoli alinipisha ghorofa ya nne, akaniangalia usoni.

"Hilo jasho usilimwage, mzee. Kinga kikombe."