Kipepeo na Nondo wa Bi Riziki

Mimi nikisikia kosa siwezi kunyamaza, na ualimu umenizidishia ugonjwa huo.

Mwaka 1997 nilifundisha sayansi Mpapura, nikipanga chumba kwa Bi Riziki, mjane mkulima wa korosho. Mwaka huo alikuwa amemzika Nasra, mwanawe wa pekee. Nasra aliugua mpaka koo likakataa kupitisha hata uji. Mama yake alikaa naye na kijiko, akimbembeleza, hadi pumzi ya mwisho. Tangu hapo Bi Riziki naye akakiacha chakula. Alikuwa anaonja, anasukuma sahani. Niliogopa tutazika tena.

Asubuhi moja tulimkuta nondo ukutani sebuleni, mkubwa kama kiganja, mabawa ya kahawia yenye madoa kama macho. Huku mgeni wa namna hiyo hafukuzwi. Ni marehemu wenu amekuja kuwaona. Bi Riziki akachangamka. Akapika uji wa muhogo, akatia sukari, akaweka kisosi juu ya kabati, karibu na nondo. Kisha akajimiminia kikombe, akanywa chote.

"Tunakula pamoja," akaniambia.

Ningekuwa na akili, ningeliacha jambo hilo hapo.

Siku ya tatu nilikuwa natayarisha somo. Nikamweka mezani kipepeo ambaye wanafunzi walimwokota vichakani, nikaanza kumlinganisha na yule wa ukutani. Kipepeo akitua husimamisha mabawa, nondo huyalaza. Vipapasio vya kipepeo vina vifundo nchani. Vya nondo vinafanana na unyoya. Bi Riziki akaja na kikombe chake cha uji kuchungulia, huku anacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

"Huyu mdogo anakula nini, Mwalimu?"

"Ana mrija, mama. Anafyonza maua."

"Wangu uji haugusi. Au sukari haitoshi?"

Kwa kujidai kwangu nikajibu kama niko mbele ya ubao. "Nondo wa aina hii hali kitu. Hana mdomo kabisa. Alikula alipokuwa kiwavi, sasa zimebaki siku chache afe."

Uso ulimbadilika kabla sijamaliza. Akamtazama nondo.

"Kumbe hata huko wamemnyima?"

Nikasema huyu ni mdudu, si Nasra. Nikasema na mengine mengi, nikijichukia kwa kila neno. Alikichukua kile kisosi, akaenda kukimwaga uani, na kikombe chake, ambacho hakuwa amekigusa, akakimwaga palepale.