Karatasi za Dada Meklit

Dada Meklit alipofika kambini kwetu na masanduku yake manne, mimi na Gadise tulimchukia kabla hajafungua hata moja. Tulikuwa wasichana kumi na mmoja, wakimbiaji wa mbio ndefu, katika mji mdogo wa nyanda za juu za Arsi. Kocha Wakjira alitupanga mstari, akasema mgeni katoka chuo kikuu Addis Ababa, kazi yake ni kupima miendo ya wanariadha, tumpe ushirikiano. Maswali hakutaka.

Kazi yenyewe ndiyo iliyotutia shaka. Alikubandika vidude vinavyong'aa nyongani, gotini na kwenye kifundo cha mguu, akakutilia soli zenye waya ndani ya viatu, kisha ukimbie mbele ya kamera sita huku yeye akiikodolea macho kompyuta yake. Alitueleza kwamba anataka kujua mguu unatuaje chini na kishindo chake kinafika mfupani kwa nguvu kiasi gani, ili tuongeze kasi bila kuumia. Lakini sisi tumekimbia tangu utoto, kwenda shule ng'ambo ya bonde na kurudi. Tufundishwe kukanyaga?

Wengine aliwapima mara moja akawaacha. Gadise aliitwa mara tatu. Hapo machale yakanicheza. Gadise ndiye aliyekuwa tegemeo letu katika mita elfu kumi, na mchujo wa taifa ulikuwa umebaki wiki tisa. Aliyemfuata kwa kasi ni Lensa, mtoto wa shemeji yake kocha. Siku moja, nikitoka kuchota maji, nikamwona Meklit nyuma ya stoo akimkabidhi kocha bahasha nene. Kocha aliitia ndani ya koti, akatazama huku na huku, ndipo akaondoka.

Nilimwambia Gadise siku hiyohiyo, tukiwa tunakunywa kahawa chumbani. Nilimwambia nilichokiona, na juu yake nikaongeza nilichokihisi: kwamba wanatafuta sababu ya kumtoa ili Lensa apite.

"Una hakika?" akaniuliza.

"Wewe jiulize, picha zako zote zile zinakwenda wapi?"

Tangu siku hiyo alibadilika. Lensa akimsalimia, anaitikia huku anatazama pembeni. Chai akimiminiwa na mtu mwingine, haigusi. Na mbele ya kamera akaanza kucheza mchezo wake mwenyewe: anakimbia kwa hatua laini kama anayepita karibu na mtoto aliyelala, uso mkavu, ili mashine isipate cha kusema. Tulidhani tumemweza Meklit. Siku moja, alipomaliza kutazama kompyuta, alimtolea Gadise vile vidude kimoja kimoja, akamwambia kwa sauti ya chini, "Leo hukukimbia wewe. Sijui aliyekimbia ni nani."

Nilichokuwa najua mimi peke yangu ni kwamba Gadise alikuwa anaumwa. Muundi wa mguu wa kushoto, upande wa ndani, mahali padogo kama sarafu. Mwanzoni palimuuma akipoa baada ya mazoezi, baadaye akawa anaumwa hata akishuka ngazi. Nilimfunga kitambaa kila alfajiri kabla hatujaingia msitu wa mikaratusi, na soksi ndefu zikaficha kazi yetu. Angemwambia nani? Kocha angempa Lensa nafasi, na Meklit ndiye huyo niliyemwona na bahasha. Ushauri huo wa kunyamaza ulikuwa wangu.

Tukaenda mashindano ya jimbo, Gadise akashinda. Klabu yetu ikachukua kombe, kocha akabebwa juujuu. Gadise alipanda jukwaani akiwa ameuma midomo.

Siku ya pili yake mchana, Meklit aligonga mlango wetu. Hakukaa. Alimtazama Gadise mguuni, akauliza kwa nini alikimbia.

"Kwa nini nisikimbie?"

"Kwa sababu niliandika upumzike. Mwezi mzima umepita sasa. Nyonga yako ya kushoto inashuka kila unapotua, na mguu unakwenda kutua mbele mno ya mwili. Kishindo chote kinaishia kwenye muundi. Hapakuumi hapo?"

Gadise alisimama. Alimwambia ametumwa, na kama Lensa anataka nafasi basi aje aichukue uwanjani. Meklit hakukasirika, na hilo ndilo lililonichanganya. Alionekana kama mtu aliyepotea njia.

"Karatasi yako hukupewa?" akauliza. "Niliziandika kumi na moja. Kila mtu na yake. Nilimpa kocha awagawie."

Alipotoka, Gadise aliniambia mwanamke yule ni mwongo hodari. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuikumbuka ile bahasha na unene wake.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya mazoezi, wote tukiwa tumesimama uwanjani tunapasha miguu moto, Gadise alimwendea kocha. Alimuuliza kwa adabu, kama mtu anayeuliza saa: "Kocha, karatasi yangu ya dada Meklit ilisemaje?"

Kocha Wakjira alicheka kidogo. "Achana na mambo ya karatasi. Wiki sita za kulala kitandani mimi ningezitoa wapi, na mashindano yako mlangoni?"

Wiki sita. Meklit hakututajia wiki hata moja. Nilimwona Gadise akilipokea neno lile taratibu, uso ukimbadilika kuanzia kwenye macho. Kabla hajasema kitu, Lensa, ambaye tulikuwa tunamkwepa kama mgonjwa wa kuambukiza, akatoka mstarini akauliza, "Na yangu mimi, kocha?" Kisha mwingine akauliza yake, na mwingine. Kocha akatuambia tukimbie. Hakuna aliyekimbia.

Tulimfuata ofisini, tukazikuta karatasi kwenye droo ya meza yake, zote kumi na moja, bahasha haijachanwa ila upande mmoja. Ya Gadise ilikuwa juu kabisa, na pembeni kocha alikuwa ameandika kwa kalamu: baada ya jimbo.

Hospitalini Asela picha ilionyesha ufa mwembamba kama unywele kwenye mfupa. Daktari alisema kama angepumzika tangu mwezi uliopita, huenda usingekuwepo. Mchujo wa taifa ulimpita Gadise akiwa na magongo. Lensa alikwenda, akawa wa tisa.

Meklit alirudi kila Jumamosi kumfundisha upya. Mazoezi ya nyonga, hatua fupi za harakaharaka, mguu utue chini ya mwili badala ya mbele yake. Gadise alifuata kila kitu, lakini kila picha ilipopigwa alidai kuiona kwanza na kuelezwa kila mstari wa zile chati. Ilichukua miezi mpaka akaacha kuuliza. Mwaka uliofuata alikimbia mchujo, akashika nafasi ya nne. Nafasi za timu ya taifa zilikuwa tatu. Alilia, lakini alitoka uwanjani kwa miguu yake miwili mizima.

Kocha hakufukuzwa. Aliomba radhi mbele yetu, maneno machache, akitazama saa yake ya kupimia. Siku hizi karatasi anakabidhiwa mwanariadha mwenyewe mkononi.

Mimi pia niliomba radhi, maana ile shaka niliipanda mimi, na ndiyo iliyomzuia Gadise asimwambie Meklit maumivu yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema yameisha. Bado tunalala chumba kimoja. Ila nikimletea habari ya mtu, huinua kichwa na kuniuliza kwanza kama nimeiona au nimeihisi.