Mgonjwa wa Kubuni

Saa tatu asubuhi, katika chumba kilicho nyuma ya mapokezi ya hospitali, mwanaprogramu alimaliza kuandika majaribio ya mfumo wa vitanda. Yalijiendesha yenyewe: yaliingiza mgonjwa wa kubuni kwenye hifadhidata, yakamwombea kitanda, yakahakiki jibu, kisha yakafuta kila yalichogusa. Mwanaprogramu alimpa mgonjwa huyo mapafu mabovu na tarehe kamili ya kuzaliwa.

Alipobonyeza kitufe, mgonjwa aliingia kwa mlango wa mbele, viatu vyake havina hata chembe ya vumbi. Karani alimpa kitanda cha dirishani na oksijeni. Jaribio lilipokwisha, mgonjwa alitoweka. Muuguzi alitandika shuka upya.

Kwenye benchi, shangazi aliyemlea mwanaprogramu alihema kama mvukuto. Mfumo ulikuwa umemkataa. Hakujua tarehe aliyozaliwa.

"Mwanangu, huyo mwenye viatu vipya ana mjomba humu ndani?"

"Hana hata mama, shangazi. Nimemtunga mimi."

"Basi ungenitunga na mimi."

Mwanaprogramu aliandika jaribio jipya: asiye na tarehe naye apewe kitanda. Skrini ikawa nyekundu: jaribio limeshindwa. Mkurugenzi akaja mbio.

"Futa hilo. Wakaguzi wako njiani, wanataka kuona kijani."

"Kibovu ni mfumo, mkuu, si jaribio."

"Kanuni ya tarehe nimeiweka mwenyewe. Inapunguza foleni."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Binti, usinitolee methali." Akalifuta kwa mkono wake.

Mwanaprogramu aliendesha jaribio la kwanza tena. Mgonjwa wa kubuni akaja, akapewa kitanda, kisha akasimama. "Mama, lala hapa." Shangazi akalala, akavishwa barakoa ya oksijeni. Midomo yake ya kijivu ikarudiwa na rangi. Mwanaprogramu akaliamuru jaribio lisubiri, lisiishe.

"Mbona linakawia?" Mkurugenzi alinyoosha kidole, akalikatiza.

Jaribio likasafisha lilichogusa. Pumzi ilimtoka shangazi kifuani, alama ya barakoa ikafutika shavuni, na mwenyewe akawa tena kwenye benchi, akihema. Muuguzi alitandika shuka.

Wakaguzi waliona kijani tupu. Wakapiga makofi, wakaomba waonyeshwe mara nyingine. Mkurugenzi akabonyeza kitufe, na mlango wa mbele ukafunguka.

"Mwanangu," shangazi aliuliza, "huyo mwenye viatu vipya ana mjomba humu ndani?"