Mlio wa Karai

Kwa watu wa kabila la Kivuti, samaki hakuwa chakula. Alikuwa ndugu ya nyoka. Wambeere walikula mtama, mbaazi na nyama ya mbuzi, na mtu aliyeonekana akitafuna kitu chenye magamba alionewa huruma, ikidhaniwa njaa imemzidi. Kisha serikali ikauziba mto Tana, maji yakapanda, na shamba la baba yake Kivuti, upande wa chini wa mji wa Siakago, likazama na mbaazi zake. Kivuti akasema, "Maji yamekula shamba langu. Nami nitakula kilichomo ndani yake." Akajifunza kutega nyavu kwa wavuvi wageni waliotoka magharibi.

Mama yake, Ciarunji, alizipokea fedha za samaki, lakini samaki mwenyewe alimkataa.

"Harufu hiyo isivuke kizingiti changu," alisema. "Mkitaka kupasua nyoka wenu, wapasulieni hukohuko."

Basi Nelius, mke wa Kivuti, akawa anawapasua samaki ufukoni, juu ya jiwe pana. Matumbo aliyatia katika karai la bati, kisha akaligonga karai kwenye jiwe, ko, ko, ko, mpaka yote yakaangukia majini. Maji yalitibuka kidogo, na matumbo hayakuonekana tena.

"Wageni wangu wamekula," Nelius alikuwa akisema huku akicheka. "Hawaniachii hata kazi ya kufagia."

Miaka hiyo hakuna aliyewaogopa mamba sana, maana walikuwa wameshiba. Tilapia walikuwa wapana kama kandambili za mwanamume. Lakini wavuvi waliongezeka, na samaki wakapungua umbo. Watu wakashona nyavu za matundu madogo ili kuwafuata, na walipokuwa wadogo zaidi, wengine wakashusha vyandarua vya mbu. Mwishowe nyavu zikawa zinaleta tope na majani. Jiwe la Nelius likakauka. Mbwa wakaanza kupotea ufukoni, kisha ndama.

Asubuhi moja Kivuti alikuwa katikati ya bwawa na mwenzake Mutegi, ndani ya mashua yao iliyokuwa ikivuja. Mutegi alivuta wavu wote, akatoa kisamaki kimoja kisichozidi kidole.

"Huyu hata kubatizwa bado," Mutegi alisema. "Tumrudishe kwa mamaye."

"Mamaye tulishamla," Kivuti alijibu.

Walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Mutegi akachukua karai jingine la bati ambalo zamani lilibeba samaki, akaanza kukumba nalo maji yaliyovujia ndani.

"Umesikia ya mbuzi wa jirani yenu Runji?" aliuliza. "Jana alinyakuliwa mchana kweupe, palepale kwenye jiwe la mkeo. Pana nini pale, ndugu yangu, hata mamba wapapende hivyo?"

Kivuti aligeuka kutazama ufuko. Asubuhi ile alikuwa amemsihi Nelius asiende kuteka maji peke yake, amngoje arudi. Nelius alikuwa amemtazama kwa dharau kidogo. "Baba Mukami, samaki nimekosa. Na maji nikose? Mama yako anataka uji." Lakini mwisho alikuwa ameahidi kungoja.

Mbele yao, kwenye kisiwa cha mchanga, mamba walilala wakiota jua, wamekonda hata mbavu zikahesabika. Ndipo mlio ukaja juu ya maji, mdogo lakini wazi. Ko, ko, ko.

Nelius hakuwa amengoja. Alikuwa ufukoni, amesugua karai lake kwa mchanga kabla ya kuteka, na sasa aligonga mchanga utoke, kama mkono wake ulivyozoea.

Mamba wakainua vichwa. Mmoja baada ya mwingine wakateleza majini bila haraka, kama watu walioitwa mezani. Mistari ya mawimbi ikachorwa kuelekea kwenye jiwe.

Sasa Kivuti alijua pana nini pale.

"Nelius! Ondoka!" Alipiga kelele mpaka koo likamchoma. Lakini upepo ulivuma kutoka nchi kavu, ukamrudishia sauti yake usoni. Kule mbali mwanamke aliinama, akalizamisha karai.

Kivuti alimpokonya Mutegi karai, akaligonga kwenye jiwe la nanga. Ko, ko, ko.

"Umerukwa na akili?" Mutegi alimkamata mkono. "Watakuja kwetu!"

"Piga kasia," Kivuti alisema, akijinasua. "Wewe piga kasia tu."

Ko, ko, ko.

Mistari ile ikasimama. Kwa kitambo maji yakawa laini kama kioo, na Kivuti akaona Nelius akijitwisha karai lake na kupanda njia ya nyumbani, asijue kitu. Kisha mistari ikajikunja, ikageuka, ikaja.

Maji yalikuwa yameshafika vifundoni mwao ndani ya mashua. Mutegi alivuta kasia akiliita jina la Mungu. Kivuti alimtazama mkewe mgongoni, bado hajafika kwenye miti, na hakuacha kugonga.